Kitanda Nilichowatandikia Wengine

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu za dada yako. Natumaini wewe, wifi yangu na wanangu hamjambo, na kwamba mgongo haukusumbui tena ukipiga randa mbao zako. Ningekupigia simu, lakini ungeanza mizaha, nami ningeidakia kama kawaida yangu, halafu ningekata bila kusema nililokusudia.

Kazini bado niko chumba cha kamera. Unakumbuka nilivyokueleza ukakunja uso: mpira mwembamba wenye kamera unaingizwa kupitia njia ya haja kubwa, daktari anakagua utumbo. Mimi natandika kitanda, nampa mgonjwa gauni lililo wazi nyuma, namtoa hofu. Huwaambia kwamba humu ndani hatuangalii sura. Wanacheka, wanalegea. Hata mabango ya kuhimiza watu wapimwe mapema nimeyabandika ukutani kwa mikono yangu.

Lakini mganga hajigangi. Mwaka jana mkubwa wetu alitangaza kwamba watumishi wote waliofikia umri wapimwe saratani ya utumbo, tena bure. Alijitokeza dereva wa ambulansi peke yake. Kesho yake, kwenye chumba cha chai, nilimwuliza mbele ya watu kama taa zake za nyuma zinawaka sawasawa. Watu walicheka mpaka wakapaliwa. Baada ya hapo hakwenda mwingine. Nani alale uchi mbele ya daktari anayemwazima sukari kila asubuhi? Dereva walimkuta na kinyama kidogo kilichoota ndani ya utumbo, wakakitoa siku hiyohiyo, akarudi kwenye usukani wake. Hilo hatukulizungumza.

Mimi wakati huo nilikuwa nimeshaanza kuona damu chooni. Nikafanya kama tunavyofanya sisi watu wa hospitali: nilimdaka daktari kwenye korido, nikamwuliza juujuu, kama vile namwulizia mtu mwingine. Akasema huenda ni bawasiri. Nikachukua dawa ya kupaka, nikaondoka nimefurahi. Sikuandikishwa, sikupimwa. Jibu nililipata kwa sababu ndilo nililolitaka.

Mwezi uliopita nilianguka nikikunja mashuka. Aliyeniokota na kunisukuma kwenye kiti cha magurudumu hadi chumba changu mwenyewe cha kamera ni yule dereva. Hakutania hata neno moja. Afadhali angetania.

Ni saratani, mdogo wangu, na imeshatoka nje ya utumbo. Watanipasua, kisha zifuate dawa kali. Daktari hakunificha: ningelala kwenye kile kitanda mwaka jana, huenda kingekuwa kinyama cha kutolewa tu kama cha dereva. Nalia ninapoandika haya, lakini sikuandikii ili unililie.

Nakuandikia kwa sababu ya lile tulilozungumza kwenye msiba wa shangazi. Ulinivuta nyuma ya jiko, ukaniambia kwa aibu kwamba unaona damu. Nikakucheka. Nikasema ni bawasiri ya kukaa kutwa kwenye benchi, unywe maji, ule mboga. Ukaniamini, maana mimi ndiye mtu wa hospitali. Wala sikukosea kwa kutojua. Nilijua vizuri kuliko wote waliokuwa pale kwamba mtu wa umri wako anayeona damu anapaswa kupimwa. Ila ningekwambia ukapime, ungeniuliza kama mimi nimepima. Niliogopa swali hilo tu, hakuna sababu nyingine.

Sasa niulize. Nimepima. Wewe ni damu yangu, na ugonjwa huu hupita ndani ya familia, kwa hiyo njoo wiki hii. Nimeshazungumza na daktari, na dereva atakupokea stendi. Nikiweza kusimama, kitanda nitakutandikia mwenyewe. Ukitaka kunikasirikia, una haki, lakini kasirika ukiwa njiani.

Wasalimie wote hapo nyumbani, na wifi umweleze ukweli wote, usimfiche kama mimi. Mungu akufikishe salama.

Ni mimi dada yako,
niliyekwambia ule mboga.