Yaya, Namba Isiyosema Ni Yako?

Yaya wangu, dada yangu mkubwa,

Sijui barua hii naielekeza Uganda, Kisangani au kaburini, maana tangu ulipoondoka Bunia hakuna aliyeniletea habari yako ninayoweza kuiamini. Mama mmoja wa sokoni alisema alikuona ng'ambo ya ziwa, Uganda, ukiuza vitenge. Akaongeza kwamba umenenepa. Hapo ndipo nilipoacha kumsikiliza, kwa sababu wewe hata wakati wa shibe nguo zilikuwa zikikupwaya.

Maktaba yetu bado ipo palepale mtaani Mbunya, katika chumba kile tulichoazimwa na parokia, na mabati bado yanavuja upande wa vitabu vya jiografia. Unakumbuka siku tuliyofungua? Mtu wa kwanza kufika alikuwa mama aliyekimbia vita huko Djugu na watoto wake. Alisimama mlangoni, hakuvuka. Nilishika kalamu nikamuuliza jina, naye akatazama chini. Wewe ukaninyang'anya kalamu, ukamwambia, "Hapa hatuulizake jina, mama. Chagua ya chakula, yenye unapenda."

Akafikiri kidogo. "Sombe," akasema, yale majani ya mihogo.

Tangu hapo ni Mama Sombe. Nyuma yake wakaja Baba Maharagi, Mwalimu Mahindi, na yule fundi cherehani aliyeng'ang'ania kuitwa Kuku ya Kukaanga. Tulicheka, lakini ulijua unachofanya. Kwetu jina la ukoo linasema unatoka mlima gani, na mlima ukishajulikana, jirani anaamua kama akae karibu nawe au asogee. Kwenye benchi letu Mama Sombe na Baba Maharagi walisoma kitabu kimoja wakigeuza kurasa kwa zamu, na wewe ndiye uliyemfundisha mama huyo herufi, moja moja, ukimshika kidole.

Halafu wakaja wale wanaume wenye viatu safi. Walitaka kujua Sombe hasa ni nani, Maharagi ni nani. Ukatoka nao nje mkaongea kando ya ua, na nikiwa dirishani niliwaona mkicheka. Uliporudi nikakuuliza walitaka nini. "Batu ba kawaida," ukasema. "Kamata ufagio." Kulipopambazuka kitanda chako kilikuwa kimetandikwa vizuri na wewe hupo. Wiki ileile nyumba za baadhi ya wasomaji wetu zikapekuliwa, na mtaani wakasema umeuza majina yao ya kweli.

Nilikutetea mbele za watu mpaka sauti ikanikauka. Nikiwa peke yangu sikukutetea hivyo. Mlikuwa mkicheka nini, Yaya? Mpaka leo nataka kujua hilo kuliko kujua uko wapi.

Sasa tuna hii wanayoiita amani. Barabara leo inapitika, kesho haipitiki, na wasomaji wengi wako katika kambi ya wakimbizi, hawawezi kufika kwetu. Basi tukaanzisha grupu ya simu. Kila asubuhi nasoma kurasa chache kwa sauti nikiwa maktabani na kuzituma. Mwenye mega kidogo za intaneti anapokea, anaiweka simu katikati, wenzake wanakaa kuizunguka. Mwalimu Mahindi anasahihisha hesabu za watoto kwa picha na kuzieleza kwa sauti. Mama Sombe naye akaanza kusoma na kutuma, na nakuambia bila wivu, watu wa kambini walimpenda kuliko mimi. Ana namna ya kunyamaza kabla ya jambo baya kutokea katika hadithi.

Lakini simu haina adabu yako. Mtu akiingia tu, namba yake, jina lake la ukoo na picha yake ya kanisani viko mbele ya kila mtu. Siku ya kwanza nusu ya watu walitoka. Ikabidi nikae na waliobaki, mmoja mmoja, tubadilishe, tuweke majina ya benchi na picha za mihogo na maharage, hata grupu ikaonekana kama meza ya sokoni. Waliotoka wakarudi kidogo kidogo.

Namba moja tu haikubadilisha kitu, kwa sababu haikuwa na kitu cha kubadilisha. Haina jina, haina picha, ni ya Uganda. Kiungo cha kuingilia kilipita mikono mingi, hakuna anayekumbuka nani aliileta namba hiyo. Haisemi. Hata siku ya Noeli haikutusalimia.

Simu inanionyesha nani amefungua sauti niliyotuma. Namba ile hufungua yangu kabla ya wote. Nikamwomba Mama Sombe atazame zake, akakuta haijawahi kufungua hata moja. Mwalimu Mahindi, vivyo hivyo. Inanisikiliza mimi peke yangu. Nilifurahi, Yaya, nilifurahi mpaka nikaunguza ugali. Nikasema ni wewe, nani mwingine angevumilia usomaji wangu. Kisha nikaanza kuwaza vingine. Mtu anayetaka kujua maktaba hufunguliwa saa ngapi na nani yumo, naye angesikiliza sauti yangu tu, maana nyuma yake mlango unalia, watu wanasalimiana, na kikohozi cha Baba Maharagi hakifichiki.

Nikaiandikia pembeni: "Ni weye?" Alama za kusomwa zikageuka bluu. Sikujibiwa. Nikapiga, ikapokelewa, nikasikia mtu anapumua, ikakatwa.

Mama Sombe akaja kuniona, mchana, akakaa kwenye benchi bila kuchukua kitabu.

"Ile namba ni ya nani?"

"Sijui. Pengine ni Yaya."

"Yaya wako alinifundisha kusoma, namupenda," akasema. "Lakini kule kwetu batu banafikiri nilikufa na batoto yangu. Acha bafikiri vile. Kama ni yeye, aseme. Kama hasemi, utoe ile namba, ao miye natoka."

Nikajaribu kukutetea kwa sheria yako mwenyewe, kwamba asiyetaka kutaja jina asiulizwe.

"Miye nilificha jina," akanijibu. "Sikuficha sura. Nilikaa hapa mu benchi, batu bote baliniona."

Tangu siku hiyo hajatuma sauti, na kambini wananiuliza kama ni mgonjwa. Nimeudhika naye, nimeudhika nawe, na nimechoka kuitazama simu kila inapolia. Nakupenda, Yaya, na sikuamini. Nilidhani moja lingeshinda lingine kadiri miaka inavyopita, lakini yote mawili yamekaa.

Kesho asubuhi sitasoma kitabu. Barua hii siwezi kuisoma yote, kwa sababu ina siri ya Mama Sombe, kwa hiyo nitasoma maneno haya ya mwisho tu, mbele ya grupu nzima, kwa kuwa sauti yangu ndiyo unayoifungua:

Wewe usiyesema, nitangoja nione umeifungua sauti hii, nikupe nafasi ya kufika mwisho. Kama ni dada yangu, sema neno lolote, hata la kunitukana, kwa mdomo wako, watu wote wasikie. Ukinyamaza nitakutoa mimi mwenyewe, hata kama ni wewe, na nitalia. Kwaheri, Yaya. Na kama si wewe, umeshasikia vya kutosha.

Mdogo wako wa tumbo moja