Adabu ya Mlangoni

Bariadi

Dada Rehema,

Shikamoo. Magoti ya mama yanaendeleaje na hiyo baridi ya Makambako? Huku ni jua na vumbi tu, pamba imeshavunwa, watu wanapumua kidogo. Najua utashangaa kupata barua wakati juzi tu tumeongea kwenye simu. Kwenye simu nakudanganya, dada. Ukiniuliza habari nacheka, nawe unacheka, yanaisha hapo. Na huu mwandiko unaotetemeka usidhani ni malaria. Unatetemeka kwa sababu leo sijanywa.

Ndiyo, ninakunywa. Wala si bia ya harusini. Ni pombe kali, ile ya vichupa vidogo, naimimina kwenye chupa ya chai naenda nayo shuleni. Wanafunzi wananiita Madamu, kanisani mimi ndiye mwenyekiti wa akina mama, na hakuna anayejua. Mume wangu Masanja hushinda safarini na malori ya pamba. Akirudi ananikuta nimeshatafuna karafuu. Nilianza ile mimba ilipotoka, nikitafuta usingizi. Sasa hata chaki siwezi kuishika bila kupiga funda kwanza. Naona aibu kuyaandika haya, lakini ndivyo yalivyo.

Sikia sasa kilichonivunja. Kwa hawa wakwe zangu Wasukuma, mke wa mtoto wao akimsalimia mama mkwe hupiga magoti. Mimi kwa kuogopa harufu, kila tukienda kwao Nkololo napiga magoti mlangoni kabisa, uso nimeuinamisha. "Mwangaluka, mayu," yaani habari za asubuhi, mama; nikishamwamkia hivyo nakimbilia jikoni kwenye moshi. Unajua wakasemaje? Kwamba hawajapata kuona mkwe mwenye adabu kama mimi! Mama mkwe akawa ananitangaza hadi gulioni. Nami nikanyamaza, nikazipokea hizo sifa.

Hivi karibuni mdogo wake Masanja alioa binti wa hapo hapo Nkololo, anaitwa Kulwa, mchangamfu sana. Siku yake ya kwanza alimfuata mama mkwe alipokaa, akapiga magoti karibu naye, akamshika mkono kwa mikono yake miwili huku anatabasamu. Mashangazi wote walikuwepo. Mama mkwe akauvuta mkono wake.

"We Kulwa, ndiyo kusalimia gani huko kwa kumpumulia mtu usoni? Mtazame Madamu. Katoka kwa watu wa mbali, na adabu anatushinda sisi wenyewe."

Mtoto wa watu akatoka analia. Jioni akaja kwangu nyuma ya jiko. "Dada, nifundishe kusalimia kama wewe." Na mimi nikamfundisha! Nikamwonyesha pa kuweka magoti na namna ya kuuinamisha uso, na pombe iko mdomoni mwangu. Sijawahi kujiona mchafu namna ile.

Jumapili nikashindwa kuvumilia. Nikapita mlangoni, nikaenda kupiga magoti miguuni pa mama mkwe, nikamwamkia uso kwa uso. Harufu ikamfika, lakini mkono wangu hakuuachia.

"Masanja anajua?"

"Hajui, mayu."

"Utamwambia wewe. Mimi sitakusemea, wala sitakuficha. Ila anza na Kulwa, maana huyo nilimwonea."

Nikamkuta Kulwa anachambua mchele, nikamweleza yote. Nilitegemea atanicheka, au atanitukana. Akanitazama tu, ungo uko mapajani, kisha akauliza taratibu, "Kwa hiyo mimi sikukosea?" Nikamwambia hukukosea, mdogo wangu. Tukalia wote wawili.

Masanja anarudi kesho. Hapa mjini kuna nesi anayesaidia watu wa namna yangu, nimeshamwona mara moja na nitarudi kwake. Kuhusu ndoa sijui kama itabaki. Ukiniona stendi ya Makambako na begi langu, nipokee bila maswali siku hiyo.

Msalimie shemeji, na hao wanao waambie mama yao mdogo anawakumbuka. Mama naye usimfiche, msomee barua hii yote bila kuruka mahali. Halafu, dada, akianza tena kuwasimulia majirani jinsi binti yake anavyosifika ukweni, mzuie. Nimechoka kusifiwa.

Ni mimi mdogo wako,
Tumaini