Piramidi za Ukuta wa Mazingara

Mpendwa Baba Rehema,

Nimerudi salama. Na kabla hujauliza, ndiyo, nimeziona piramidi. Nimezigusa kwa mkono huu huu uliokushikia kopo la rangi. Tulia huko uliko unisikilize, maana nina neno na wewe.

Unakumbuka ile likizo uliyochora Misri kwenye ukuta wa darasa la sita pale shuleni Mazingara? Jua kali, mimi nimembeba Rehema mgongoni, wewe umesimama juu ya meza unapaka Mto Nile kwa rangi ya bluu iliyobaki kwenye milango ya ofisi. Kushoto ukaacha jangwa tupu. Kulia, yaani mashariki, ukaweka jiji la Kairo, na pembeni yake piramidi tatu. Nikakuambia uziongeze ukubwa, ukaziongeza. Watoto wa pale wamesomea ukuta ule miaka na miaka, na mimi niliyeishia darasa la nne nimesoma pamoja nao, kwa sababu kila jioni ulinirudishia somo wakati nachambua mboga.

Ulisema ukistaafu tutakwenda wote. Mtoto wa Mnyuzi wewe, umekua kando ya reli ukipungia mkono treni za watu, na maisha yako yote hukuwahi kuipita Dar es Salaam. Ukastaafu, ukaugua, ukatangulia. Hamu ya safari ikaniisha. Rehema, aliyepata kazi ya uuguzi huko huko Kairo, ndiye aliyenitumia tiketi na kunigombeza kwenye simu mpaka nikakubali.

Jiji lile, Baba Rehema, ni jiji. Uliniambia ni kubwa, ila hukuniambia kwamba kuvuka barabara lazima utoe shahada kwanza. Nimeona mtu anaendesha baiskeli katikati ya magari, kichwani ana ubao mrefu umejaa mikate, ameushika kwa mkono mmoja, wala hana wasiwasi. Tumetembea mitaa ya zamani yenye milango ya mawe na misikiti ambayo ukiitazama minara yake ushungi unakuvuka. Sokoni nilipunguziwa bei ya kitambaa kwa Kiswahili kitupu na vidole, kama niko gulioni Handeni. Muuzaji akacheka, akaniwekea kiti, akanipa chai ya mnanaa. Nilifurahi. Nakuambia wazi, kwa sababu nilikwenda nikiogopa kwamba bila wewe nisingeweza.

Siku ya piramidi tulipanda teksi asubuhi. Dereva akavuka daraja la mto, jua likawa linatuchoma visogoni. Nikamwambia Rehema huyu mtu anatuzungusha, mwambie ageuze, piramidi ziko mashariki. Rehema akasema ziko magharibi, mama, ng'ambo ya mto. Nikambishia. Nikamkumbusha kwamba baba yake alikuwa mwalimu wa jiografia. Dereva alipotafsiriwa alicheka mpaka akapunguza mwendo, na mimi nikamjibu kwa Kizigua maneno ambayo usingeyapenda. Tukakata kona, zikatokea. Zimesimama zote tatu, upande usio wako.

Nilisimama mbele ya mawe yale nikaanza kucheka. Nilicheka hadi machozi, na machozi mengine hayakuwa ya kicheko. Mume wangu, wewe na mimi na kopo letu la rangi, tumewapoteza watoto wa watu!

Niliporudi nyumbani, Mwanaidi akaja kunisalimia, yule mwanafunzi wako ambaye sasa ndiye mkuu wa shule. Akanipa shikamoo, akakaa, akasema wanataka kuupaka upya ukuta wako kabla haujafutika, vile vile ulivyouacha, na chini waandike jina lako. Rangi walishapata. Nikamimina chai. Nani angejua? Hata yeye kasomea ukuta ule ule. Jina lako lingekaa pale safi, na watoto wangeendelea kukosea kwa heshima yako. Sikufichi, nilitamani kufunga mdomo.

Ila nikakumbuka mashati yako. Kila nilipofua nilikuta chaki mfukoni, moja nzima, na kila mara nililalamika. Uliiweka kwa ajili ya mtoto atakayekukamata umekosea ubaoni. Akinyoosha kidole, ulimpa chaki ile mbele ya wenzake ukamwambia, "Njoo usahihishe, halafu nenda nayo nyumbani." Siku hizo ulirudi na furaha kuliko siku ya mshahara, ukinisimulia mtoto wa nani kakukamata na kakukamata wapi.

Basi nikamwambia Mwanaidi ukweli wote. Akaweka kikombe chini, akasema, "Mama, itabidi uje mwenyewe."

Jumatatu nimepanda juu ya meza mbele ya darasa la sita, magoti yananilia, mimi mama wa darasa la nne. Nimechora piramidi tatu kushoto kwa mto, kwenye jangwa lako tupu. Zimepinda kidogo. Zile za kulia nimezigeuza nyumba, maana jiji lile nyumba haziishi. Jina lako wameliandika chini kwa herufi kubwa.

Niliposhuka, Mwanaidi akaingiza mkono mkobani, akatoa chaki moja nzima, akaniwekea kiganjani. Watoto wakapiga makofi. Mimi nikaifunga kwenye pindo la khanga.

Wiki ijayo nakuja Mnyuzi kukusomea dua na kukupalilia majani. Chaki nitakuja nayo uione. Lakini siiachi hapo kaburini, Mwalimu. Hii ni yangu, narudi nayo nyumbani.

Mkeo, niliyekukamata,
Mama Rehema