Jagi Jekundu la Kanyakine

Mke wangu Wanja,

Pokea salamu kabla ya neno lingine lolote, maana nikishaanza habari sitaweza kurudi nyuma kukujulia hali. Hujambo? Wanafunzi wako wa Siakago hawajambo? Mvua imenyesha huko chini, au bado mnatazama mawingu yakipita juu yenu kuja kwetu Imenti? Mimi natembea na ninakula. Baridi ya Uingereza imerudi, ile ya kuvaa soksi mbili mbili na bado usisikie vidole.

Sasa nisikilize. Jumatano nilikutumia telegramu: MTOTO ASINYWE KITU KWENYE JAGI JEKUNDU. MPELEKE HOSPITALI. Kama ilifika na ukaenda, Mungu akubariki. Kama imelala kwenye droo ya posta jinsi ile ya msiba wa babako ilivyolala, basi tia barua hii mfukoni sasa hivi, omba ruhusa kwa mwalimu mkuu, uende Kanyakine kwa mama, aliko mtoto. Utamalizia kusoma njiani. Nitakueleza yote, kwa sababu unakwenda kumnyang'anya mama mkwe zawadi ya mwanawe, na mtu hatumwi vitani mikono mitupu.

Barua yako niliipata Jumatatu, nikaisomea huku kwenye kiwanda cha vioo tukila chakula cha mchana. Umesema Karimi wetu amekonda, tumbo linamsokota, choo hapati siku nyingi, na uso umepauka kama wa mtu aliyetoka malaria. Umesema maneno aliyokuwa ameshayajua yanampotea, hata lile "baba" aliloiambia picha yangu ukutani. Dawa ya minyoo amepewa, maombi ameombewa. Na maneno mama aliyokuambia mbele ya majirani nimeyasoma mara mbili: "Wanja, wewe kila ukikuja hapa mtoto anaharibika. Hiyo ni macho ya watu ya kwenu." Pole sana, mke wangu. Najua kwetu milimani ugonjwa ukikosa jina, kidole huelekezwa kwenu Mbeere, eti ndiko kwa wachawi. Nilikasirika hata mkate ukanishinda.

Kisha mwishoni, kama mtu anayetaja tu hali ya hewa, ukasema ufizi wa mtoto umefanya mstari mweusi wa bluu karibu na meno, na mama anausugua kwa mkaa kila asubuhi lakini hautoki.

Wanja, nilipofika hapo uma uliniponyoka. Mstari huo naujua. Uko kwenye ufizi wa mzee Stan, ambaye tunachanganya naye unga wa kioo, na akicheka unauona. Mkono wake wa kulia umelegea kwenye kifundo, unaning'inia kama jani la mgomba lililovunjika. Nesi wa kiwanda hutupima damu kwa ajili hiyo hiyo. Maziwa yale tunayopewa kila asubuhi, ambayo mama alijisifia kanisani kwamba Wazungu wanamlea mwanawe, tunapewa kwa sababu watu huku wanaamini yanapunguza sumu ya vumbi. Nesi anasema hayapunguzi kitu.

Uliwahi kuniuliza kama kioo cha rangi hupakwa. Hakipakwi. Kioo ni mchanga, kama ule wa mto Thuci ungekuwa msafi, ukiyeyushwa pamoja na kitu mfano wa magadi. Rangi ni madini kidogo sana unayotia kabla ya moto. Chuma hufanya kijani, ndiyo maana chupa za kawaida zina ukijani: mchanga wenyewe una kutu. Kobalti hufanya bluu, na ukizidisha hata chembe unapata weusi. Manganizi hutoa zambarau. Nyekundu nzuri kuliko zote hutoka kwa dhahabu. Dhahabu huyeyushwa kwanza kwa asidi kali, ikatiwa matone tu kwenye mchanga, na kioo kikitoka tanurini hakina rangi yoyote. Fundi hukirudisha motoni mara ya pili, na hapo ndipo kinapoanza kuwa chekundu mbele ya macho yako. Siku ya kwanza kuona hivyo nilisahau baridi.

Lakini dhahabu ni ya maringo. Haikai vizuri katika kioo chepesi. Inataka kioo kizito, kile tunachotilia unga wa risasi, madini yale yale yaliyomo ndani ya betri ya gari. Risasi ndiyo hukipa kioo uzito na mng'aro, na ndiyo hukifanya kilie kama kengele ukikigonga kwa ukucha. Karibu thuluthi ya jagi ni risasi, Wanja. Dhahabu ni ya jina tu.

Jagi lile lilikuwa na kiputo kidogo karibu na mkono wake, nawe unakikumbuka. Chenye kiputo hakiuzwi, wanapewa wafanyakazi. Nikalifunga kwa sweta, mwalimu Gitonga akalibeba magotini kutoka huku siku alipokuja huko likizo, nami nikamwandikia mama kwamba ndani yake mna dhahabu ya kweli. Nilitaka afurahi. Alifurahi.

Jumatatu hiyo bado sikuwa nimeunganisha mambo. Nilijiuliza tu: mtoto wa miaka mitatu aliyeko Kanyakine, ambaye hajawahi kuona tanuri, anapataje ufizi wa Stan? Usiku sikulala, nikamlaumu fundi wa betri pale sokoni kwetu, nikalaumu rangi ya mlango. Kila kitu nilikilaumu.

Jumatano akaja mkusanyaji. Hawa ni watu ambao kazi yao, au niseme ugonjwa wao, ni kununua vioo vya zamani. Msimamizi alinituma nimbebee masanduku. Mzee mpole, ana lenzi shingoni kama daktari wa saa. Akainua bakuli jekundu dirishani, akaligeuza taratibu. Nikamuuliza anaona nini humo. Akaniambia tanuri iliyotoa wekundu ule ilizimwa kabla hajazaliwa, na fundi aliyejua kipimo alikufa nacho kichwani. Dhahabu haimtii mtu, kila chungu cha kuyeyushia kina wekundu wake, kwa hiyo hakuna bakuli lingine kama lile duniani. Akanionyesha kovu chini, mahali kioo kilipokatwa kutoka kwenye fimbo ya fundi, akalishika kwa kidole gumba kama unavyoshika shavu la mtoto. Akasema kiputo kwake si kasoro, ni pumzi ya mtu aliyekufa zamani imebaki humo.

Nilimpenda kwa maneno hayo. Nikamwambia hata mama yangu ana jagi la namna hiyo, nikamuuliza yeye la kwake hunywea nini.

Aliniangalia kana kwamba nimemuuliza kama huchemsha saa yake. "Kunywea? Kijana, hivi vinatazamwa tu. Ukiacha kitu kichachu humo usiku kucha, uchachu unaila risasi, na wewe unainywa."

Kitu kichachu, Wanja.

Hapo ndipo iliponijia barua yako ya mwezi ule mwingine, ile niliyoisoma nikicheka. Uliniandikia kwamba mama ameacha kibuyu chake cha uji wa wimbi, kile alichorithi kwa nyanya, na siku hizi uji wa Karimi anauchachusha ndani ya jagi jekundu. Halioshi mpaka chini. Anabakiza kidogo ili wa kesho upate kuchachuka, kama ilivyo desturi. Hakuna mwingine anayeruhusiwa kunywa humo, hata mchungaji alipewa kikombe cha bati. Alikuambia, "Huyu ni mimi. Ana jina yangu. Mimi sikunywa kwa dhahabu, wacha yeye akunywe." Na uji ukiwa tayari hugonga jagi kwa ukucha, likalia, na mtoto akatoka mbio popote alipo. Katika barua hii ya Jumatatu umesema siku hizi likilia hageuki.

Wenye pesa huku kizuri chao wanakiweka kabatini na kukifungia kwa ufunguo. Sisi kizuri chetu tunampa tunayempenda atumie. Mama hakukosea katika mapenzi yake, na hilo ndilo linaloniua.

Nilimkimbilia nesi nikiwa bado na vumbi mkononi. Alinisikiliza, kisha akafunga mlango. Alisema mtoto aondolewe kwenye jagi hilo leo, si kesho. Apelekwe hospitali kubwa, na daktari aambiwe waziwazi kwamba ni sumu ya risasi, maana asipoambiwa atatafuta minyoo na malaria. Iko dawa ya kuitoa mwilini. Tumbo litapona na damu itarudi. Nilimuuliza kuhusu maneno yaliyompotea. Alisema kwa mtoto mdogo sumu hupanda kichwani, na huko hajui kama yaliyoondoka hurudi. Nilimwomba aseme tena, nikidhani Kiingereza kimenipita. Hakikunipita.

Sasa kuhusu mama. Nilifikiri kwanza nikupe uongo mzuri: umwambie wakusanyaji wamesema jagi ni la thamani kuu na liwekwe juu ya kabati, lisiguswe. Angekubali mara moja na kujivuna. Lakini namjua mama. Siku ya Krismasi, au siku mtoto akipata nafuu kidogo, angelishusha ili amheshimu. Na wewe ungebaki mchawi wa Mbeere maisha yako yote. Kwa hiyo mwambie ukweli mbele ya wale wale majirani. Soma barua hii kwa sauti, umgeuzie Kimeru, hata kama yeye hukicheka Kimeru chako. Mama, kama unasikia: hakuna macho ya mtu yaliyomwangalia vibaya mtoto wako. Jagi nililokuletea mimi ndilo lina sumu. Wanja hana neno. Mwombe msamaha, mama, na umpe jagi.

Usiliuze kwa mtu yeyote, hata akija mchuuzi wa soko la Gakoromone na sifa tele, maana naye ana watoto. Usilivunje vilevile, vigae vitachezewa. Mpe kaka yangu Kirimi alichimbie mbali na kisima na mbali na migomba, kina cha mtu mzima.

Nisalimie Kirimi huyo, na mkewe anayekukamulia maziwa ukija. Nisalimie mamako huko Siakago, mwambie mkwe wake anamheshimu na hajasahau asali yake. Nisalimie mwalimu Gitonga, ila usimwambie alichokuwa amebeba magotini, kwa sasa. Mimi nimeomba kuondoka chumba cha unga. Wakikataa nitarudi nyumbani nilime.

Ni mimi mumeo ninayekuwaza,
Mutwiri

Wanja, nilikuwa nimeshailamba bahasha. Mwenye nyumba amegonga mlango na telegramu yako. JAGI NIMECHUKUA. KARIMI HOSPITALI. AMEFUNGUA MACHO HASEMI. MAMA AMEKATAA KUONDOKA KITANDANI PA MTOTO.

Nimeisoma nikiwa nimesimama, na sasa nimekaa. Afadhali mlifika. Barua naituma hivyo hivyo, kwa ajili ya majirani.

Usimwondoe mama hapo. Nilichoandika juu, kwamba aombe msamaha, kingoje. Wauguzi wakimfukuza, wabembeleze. Mpe kiti, mpe shuka yako ajifunike, na umwambie mwanawe amesema asilie, aendelee kumwita mtoto. Asigonge kitu chochote, amwite kwa mdomo. Jina ni lao wote wawili. Amwite Karimi, na asipoitika amwite tena.