Suti ya Mukhisa Imekataa Kufunga

Pauline, unakumbuka Mukhisa alimwambia mchumba wake, dada yangu Wacuka, apunguze mwili kabla ya harusi? Ati ataharibu picha.

Miezi miwili bana, Wacuka anakula mboga ya managu na maharagwe ya kuchemsha, mafuta hakuna, pesa yote ni ya harusi.

Leo wameenda kwa fundi Bungoma. Gauni ikamkaa vizuri kabisa. Mukhisa akavaa suti. Haikufunga. Ati haikufunga, Pauline.

Na hilo tumbo lake akaambia fundi, "Umekosea vipimo."

Fundi akamjibu polepole, "Vipimo ni vya Januari. Wewe ndio wa Aprili."

Wacuka hakucheka. Akamwambia, "Kuolewa sijakataa. Lakini mwili wangu usiutaje tena."

Sasa ako kwangu Kitale anakaanga chapati. Mukhisa anapiga simu, hata haiangalii.