Mpagazi wa Mezani Hana Jina

Kaka Elia, shikamoo.

Niko Makutupora, vumbi mdomoni na moyo umenivunjika. Nilikuja kumtafutia jina na tabia yule mpagazi wa mchezo wetu wa mezani wa vita vya Mjerumani, awe mtu kama afande wake, si kisanamu cha kubeba mzigo tu.

Bibi, shangazi yake baba, alinipa ugali wa uwele na mlenda. Nikamuuliza habari za baba yake mdogo, aliyechukuliwa na Wajerumani kubeba mizigo. Yeye akaanza na ng'ombe waliochukuliwa siku hiyohiyo: mwekundu wa pembe zilizoinama, mweusi aliyekuwa na mimba, yule wa baka kipajini.

"Baba alikuwa akiwataja mpaka analia."

"Na mdogo wake, bibi?"

"Huyo alikwenda nao."

"Aliitwa nani?"

Akasogeza bakuli kando. "Baba hakumtaja."

Afande tulimbunia kila kitu jioni moja, hata woga wa nyoka. Huyu wa kwetu siwezi kumbunia, kaka. Nitakuwa nimempoteza mara ya pili.

Nimewakumbuka sana, mbusu mama. Wewe endelea kuwapaka rangi wale ng'ombe wa mezani. Hao tunawajua.

Mdogo wako,
Yona