Baba Mkwe, Ukuta Umesharudi

Baba mkwe mpendwa,

Shikamoo. Sitakuuliza hali yako, kwa sababu dereva wa lori la viazi aliyepita hapa Mlowo juzi ameshatueleza. Amesema mguu umevimba mpaka gotini, kidonda kinanuka, na mganga wa zahanati ya hapo kijijini amekuambia uletwe hospitali Vwawa haraka kabla mguu haujakatwa, au kabla ya kitu kibaya zaidi ya hicho. Na wewe umemjibu kwamba huku huna pa kufikia. Baba, nilikuwa nimeshika kikombe cha chai cha yule dereva, nikakiweka chini nikaenda kulia nyuma ya nyumba. Huna pa kufikia, na mimi nipo?

Barua hii nimemwomba mwinjilisti akusomee. Nimemwambia asikusomee chumbani. Akutoe uani, asome kwa sauti, na majirani wa hapo Ileje wasikie, maana nimeshachoka kukubembeleza kwa siri. Mwanao Lwitiko akikupigia simu unampa mtu mwingine azungumze naye. Mimi kukupigia siwezi. Basi imebaki karatasi, ambayo haina uso wa mtu.

Vijana mnaosikiliza hapo, nanyi mjue. Kwa wazee wa kwenu mke wa mtoto na baba wa mume hawaonani. Siku hizi wapo wanaosalimiana na wakwe zao kwa mikono na kula nao sahani moja, na mbingu hazijaanguka. Baba hapana. Kwetu Igamba nasi tuna adabu ya wakwe, lakini ya kwake ilinishinda mwanzoni. Nilipokuja kwenu kama mke wa Lwitiko nilipita nyuma ya migomba, na yeye akakohoa akiwa mbali ili nijue njia gani nisipite. Tangu siku hiyo nilimjua kwa kikohozi.

Unakumbuka ulivyokuja kukaa kwetu, baba? Mama mkwe alikuwa amefariki, sukari imekuanza, na kidonda cha kisigino kinakataa kufunga. Lwitiko akakupa chumba cha mbele ili akupeleke zahanati kwa pikipiki kila kidonda kinapohitaji kusafishwa. Mimi niliingiwa na hofu. Nikajiuliza nitamlishaje mtu ambaye siruhusiwi kumtazama? Kumbe ukuta kati ya sebule na jiko ulikuwa unatutosha. Wewe ulikaa upande wa sebule, mimi upande wa jiko, na katikati mlango wenye pazia la maua. Chakula alipeleka mwanetu Subira. Maneno nayo alipeleka Subira.

"Subira, mwambie mama yako mboga ya leo imekaa vizuri."

"Subira, mwambie babu nimefurahi."

Mtoto alikuwa hasemi kitu, maana kila mmoja ameshasikia. Hata akiwa shuleni uliendelea vilevile, "Subira, mwambie mama yako mvua inakuja, aanue nguo," na mimi namjibu Subira ambaye hayupo. Mama Tabu, jirani yetu muuza nyanya, siku aliyotukuta hivyo alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Baba yangu mzazi alifariki nikiwa mdogo, na hakuna mwanaume mwingine aliyewahi kunisifia mboga.

Halafu likaja lile dishi. Mwanao alikwenda Nakonde, ng'ambo ya mpaka, kununua vitambaa vya makochi, akarudi na dishi na king'amuzi, kitambaa kidogo tu. Alisema fundi makochi lazima aone wenzake duniani wanatengeneza nini. Jumapili tukitoka kanisani kilikuwa kinaanza kile kipindi cha kutengeneza nyumba za watu, nao wanaingia kwa mtu na nyundo huku wakicheka. Wewe ulisogeza kiti chako mpaka kwenye kona, ukaigeuza meza ya televisheni, ukasema, "Subira, mwambie mama yako sasa inaonekana mpaka jikoni." Nikaketi kwenye kigoda changu nyuma ya pazia, naiona televisheni na wewe sikuoni. Sijui kama nilikushukuru siku ile.

Jumapili zile ndizo zinaniumiza sasa. Lwitiko alikuwa mkalimani wetu wa Kiingereza, na nadhani nusu alikuwa anatunga. Mama Tabu alipenda kila kitu, mpaka taa zinazoning'inia kama maboga. Wewe hukupenda kitu. Wakipaka kuta nyeupe unauliza, "Na moshi?" Wakirundika mito kitandani unauliza mwenye kitanda atalala wapi. Walipopanga vitabu kwa kufuata rangi ulisema hao watu hawajawahi kutafuta kitu kwa haraka. Na siku yule mama alipofunguliwa macho kwenye jiko lake jipya akaanza kulia, Mama Tabu naye akalia, Lwitiko akatuambia ni machozi ya furaha. Wewe ukasema, "Analia kwa sababu hajui chumvi wameiweka wapi."

Nilicheka nyuma ya pazia mpaka nikamwaga mchele niliokuwa napepeta. Nikakusikia na wewe unacheka, taratibu, kwa sababu umenisikia.

Mama Tabu alikubishia sana. Alisema mzee, wewe unapinga maendeleo, watu wanaletewa nyumba mpya bure na wewe unauliza chumvi. Ukamuuliza kama yeye angekubali kutolewa kwake, asijue kinafanyika nini, arudi akute sufuria zimehamishwa. Akafikiri, akasema angepigana. Ukasema basi. Lakini swali lako kubwa lilikuwa moja, na uliliuliza kila Jumapili kipindi kikiisha. Ulitaka kujua kile kiti cha zamani kimepelekwa wapi. Lwitiko alikujibu kwamba wamekitupa, baba, wameleta kingine. Sote tulidhani unauliza habari za viti.

Sasa nakuja kwenye ile siku, na nisamehe kama majirani wanasikia. Afadhali waisikie kwangu.

Mwanao alinipeleka Igamba kumwangalia dada yangu aliyejifungua. Wewe akakupeleka Tunduma kwa binamu yako. Sikushuku kitu. Niliporudi nyumba ilikuwa imejaa watu, Mama Tabu amevaa kitenge cha harusini. Lwitiko akanikuta mlango wa nyuma, akanifunga macho kwa kanga yangu mwenyewe, akaniambia nimwamini. Wewe, nimeambiwa baadaye, alikuwa ameshakupitisha mlango wa nje akakuketisha chumbani, akakufuata, akakushika mkono akasema fumba macho baba, nina zawadi. Ukafumba, maana ni mwanao. Mimi akanitoa jikoni na wewe akakutoa chumbani, akatusimamisha, akahesabu kama wanavyohesabu wale wa kwenye televisheni. Akasema fungueni.

Mbele yangu hapakuwa na ukuta. Ulikuwepo wewe.

Majirani walipiga makofi, baba. Hilo ndilo linaloniamsha usingizini. Walipiga makofi kwa sababu kwenye televisheni hapo ndipo watu wanapopiga makofi. Mimi nilikuwa kichwa wazi, kanga iko mkononi mwa mume wangu. Nikauona uso wako wote. Una paji la uso la Subira. Una masikio ya Subira. Mdomo wako ulikuwa umefunguka kidogo, kama mtu aliyemkanyaga mwenzake na anatafuta neno la kuomba radhi. Nilianguka magotini nikajifunika kwa gauni, na wewe ukaanza kugeuka. Ukageuka kushoto, ukakuta watu. Ukageuka kulia, palikuwa na kabati jipya la vyombo lenye vioo, na mimi nikiwa mle kwenye vioo. Ukamwambia mwanao kwa sauti ndogo, "Lwitiko, nigeukie wapi?"

Makofi yakafa moja moja. Ukatoka na fimbo yako, ukalala kwa Mama Tabu, na asubuhi ukapanda gari la Ileje bila hata dawa zako.

Nilimsema mwanao vibaya sana, maneno ambayo mwinjilisti hawezi kuyasoma uani. Nilimuuliza alikuwa amelala miaka yote anaposikia "Subira, mwambie mama yako"? Akasema alidhani ukuta ukiondoka na mambo mengine yataondoka wenyewe, kama anavyoona kwenye kipindi wanakumbatiana wote, bibi na mkwe na mbwa. Alitaka tukae pamoja. Alitaka nisikae peke yangu kwenye joto la jiko wakati ninyi mnacheka. Siku hizi hashindi vizuri kazini. Anashona kochi analifumua.

Nawe unaleta ujumbe kwamba huwezi kurudi kwa sababu umemwona mkwe wako kichwa wazi, umemvunjia heshima, na ukuta hata ukijengwa hauwezi kufuta ulichokiona. Baba, nisikilize. Hukunivunjia heshima. Aliyefanya hivyo ni mwanao, na hakufanya kwa ubaya, alifanya kwa televisheni. Wewe ulitafuta pa kugeukia. Katika watu wote waliokuwa mle ndani, wewe peke yako ndiye uliyetafuta pa kugeukia kwa ajili yangu. Nitakasirikaje na mtu wa namna hiyo?

Ukuta umesharudi. Fundi aliposema atakuja wiki ijayo nilianza kubeba matofali mwenyewe na Mama Tabu, akaona aibu akaja. Umefika juu mpaka kwenye kenchi za paa, lipu imekauka, pazia nimeweka zito zaidi ili usione hata kivuli. Kabati la vioo nimelitoa, lipo kwenye karakana ya Lwitiko, wateja wanajitazama. Kiti chako kipo kwenye kona yake. Jumapili iliyopita nilikiwasha kile kipindi, nikaketi jikoni kama zamani. Wamebomoa nyumba nyingine. Mama Tabu akasifia kila kitu, na upande wa pili wa ukuta hapakuwa na wa kumbishia, nikazima kabla hawajafika mwisho.

Nimeishiwa, baba. Sina njia nyingine. Nimetuma dawa, umezirudisha. Nimetuma sukuma wiki za kukausha ulizozipenda, nasikia umewagawia watu. Namwomba Mungu hata ninapokoroga ugali. Nikisikia mtu anakohoa barabarani natoka mbio. Subira ananiuliza kwa nini siku hizi hakuna mtu wa kumtuma. Wewe ni mzee, una haki ya kukasirika, lakini huna haki ya kuoza mguu ukiwa hai kwa sababu ya uso wangu. Uso wenyewe si mzuri kiasi hicho.

Kwa hiyo nakuambia mbele ya hao wote. Jumamosi Lwitiko anakuja na gari. Ameazima lenye godoro nyuma, kwa ajili ya mashimo ya barabara. Ukipanda, mtapitia hospitali Vwawa moja kwa moja, na mkitoka huko utafikia chumba chako, na hutaniona. Nakuapia hutaniona. Utasikia sufuria tu.

Usipopanda, Jumapili nakuja mimi. Sitapita nyuma ya migomba. Nitapita mlango wa mbele, bila hodi, bila kanga kichwani, niingie mpaka chumbani kwako, nikae kitandani, niuchukue mguu wako niuweke kwenye mapaja yangu na kuusafisha mwenyewe mpaka niuone mfupa. Utanitazama na mimi nitakutazama, na kijiji kizima kitasimama mlangoni. Nitaketi hapo mpaka upone au mpaka ufe. Wakisema mke wa Lwitiko hana adabu, waseme. Adabu yako nimeitunza tangu nilipoolewa, na nitaitunza mpaka mwisho ukinipa nafasi. Lakini kati ya adabu yako na wewe mwenyewe, baba, mimi nimeshachagua.

Panda gari.

Mimi mkwe wako, aliye jikoni,
Mama Subira